Kwenye Fomu Sina Dada

Sanduku la Posta 214
15 Januari 1961
Kwa mkono wa Pelageya Nikitichna

Dada yangu Agafya,

Hujambo na baridi ya mwaka huu? Rimma hajambo? Ng'ombe wenu kazaa au bado? Mimi mzima. Kikohozi cha Novemba kimeniacha, ila mikono inanuka gundi ya mpira hata nikiisugua kwa majivu. Bwenini sasa tuko wanne badala ya sita, na nimepewa kitanda cha dirishani, basi najiona malkia.

Anayekuletea barua hii ni Pelageya Nikitichna, tunashona meza moja. Amepata likizo kwenda kwa mama yake huko Bryansk, na atapita kwenu. Mpe chai, mpe uyoga wa chumvi, usimpe maswali. Karatasi hii kaishonea ndani ya pindo la sketi yake. Ukimaliza kuisoma itie jikoni mbele yake, aione ikiungua.

Kwa kuwa haipiti posta, leo nakuita dada. Nimelitamani neno hilo! Na ugomvi wangu na wewe ndio huo. Barua yako ya Desemba uliianza vizuri, "mpwa wangu mpendwa," halafu katikati ukaandika, "unakumbuka mama alivyotufungia nje kwenye theluji?" Ebo! Shangazi gani huyo aliyefungiwa nje na mama yangu, pamoja na mimi? Barua zangu zinafunguliwa kabla sijaziona, Agafya. Gundi yao mbaya kuliko yetu, naona kabisa palipobanduliwa.

Nakukumbusha tena, kwa mara ya mwisho. Mwaka 1952 waliponichagua kutoka kiwanda cha mashati kuja hapa, nilipewa fomu ya kurasa nane. Swali la kumi na nne: una ndugu aliyewahi kuwa mikononi mwa adui wakati wa vita? Ningeandika kwamba dada yangu alipelekwa Ujerumani kufanya kazi ya kulazimishwa, akarudi na mimba, ningerudishwa kijijini siku ileile. Nikaandika: baba amekufa vitani, mama amekufa mwaka wa njaa, dada sina, nimebakiwa na shangazi mmoja. Chini nikatia sahihi kwamba nikionekana nimesema uongo, nitafungwa. Kwa posta, basi, wewe ni shangazi, na Rimma ni mtoto wa jirani. Tafadhali.

Kazi yangu siisemi. Naweza kukuambia haya tu. Asubuhi napewa pini kumi na mbili, jioni narudisha kumi na mbili. Ikipungua moja, hatoki mtu mlangoni. Mwezi uliopita tulipapasa sakafu saa tano nzima, kumbe pini imo kwenye nywele za Pelageya! Uzi ukienda kando upana wa unywele, kitambaa chote kinatupwa, hata kiwe kazi ya wiki mbili. Kila mshono naupiga muhuri wangu, namba 31. Majina hatuandiki. Atakayevaa simjui, lakini namshonea kama mama anayemfunga mtoto vifungo kabla hajatoka kwenye baridi.

Mbusu Rimma. Choma karatasi.

Mdogo wako,
Tasya


Zaluzhye
8 Februari 1961
Kwa mkono wa Pelageya

Tasya wee,

Nimechoma, usipige kelele. Sisi tunapumua. Ng'ombe kazaa dume, hasara tupu. Paa la nyumba ya kuogea limebomoka kwa theluji, sasa tunaogea kwa Fyokla, na Fyokla mwenyewe, miaka sitini na moja, kaolewa na mlinzi wa ghala! Anatembea meno nje kijiji kizima. Rimma kanipita urefu. Hesabu anazifanya mpaka mwalimu anakuna kichwa.

Sasa nisikilize. Tarehe 20 Septemba Rimma anatimiza miaka kumi na sita. Siku hiyo mwenyekiti wetu, Savely Potapovich, atamwandika kwenye daftari la shamba la ushirika, na akishaandikwa, imetoka hiyo. Au umesahau tulivyo? Sisi wa mashamba hatuna pasipoti. Bila pasipoti huendi kukaa popote, na pasipoti huipati mpaka mwenyekiti akupe cheti cha kuondoka. Cheti hatoi. Kwa nini atoe? Nani atamkamulia? Keshamtengea zizi la ndama, kanionyesha na beleshi lake.

Mlango uko mmoja tu. Mtoto akiwa na barua ya kukubaliwa chuoni kabla hajafika kumi na sita, mwenyekiti hawezi kumzuia. Na huyu mtoto, Tasya, hapa hapamfai. Wanamwita Fritz, yaani Mjerumani. Mpaka leo, miaka kumi na mitano! Juzi kaja na tope mgongoni, nikamuuliza nani, akasema ameanguka. Ameanguka kwa mgongo, eti.

Pelageya kanitobolea kwamba kiwanda chenu kina shule ya ufundi, na jamaa wa karibu wa wafanyakazi huingia. Usimkasirikie. Nilimpa uyoga kama ulivyosema, maswali yakatoka yenyewe.

Mchukue mtoto wangu. Sijawahi kukuomba kitu.

Agafya


Sanduku la Posta 214
12 Machi 1961
Kwa posta

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba mnaendelea vizuri na kwamba jirani yako Fyokla amepata mwenzi. Mimi ni mzima na ninafanya kazi kwa bidii. Nakutumia kitambaa cha kichwa, na madaftari sita kwa yule binti wa jirani anayependa hesabu.

Kuhusu binti huyo, nimefikiria sana. Shule ya hapa huchukua jamaa wa karibu wa wafanyakazi. Angekuwa mtoto wa dada yangu, ningemwombea nafasi mara moja. Lakini kama ujuavyo, mimi sina dada. Sioni nitaandika nini bila kuharibu yaliyokwisha andikwa.

Nisamehe, shangazi. Tafadhali nisamehe.

Mpwa wako,
Taisiya


Zaluzhye
2 Aprili 1961
Kwa posta

Mpwa wangu wa thamani kubwa,

Barua yako imechukua siku kumi na tisa kufika, nadhani ilipumzika njiani mezani kwa mtu. Kitambaa nimekipokea, kizuri, nitazikwa nacho. Madaftari nimempa binti wa jirani. Kasema asante, kayaweka kwenye sanduku, hajayagusa.

Kwa kuwa huna dada, ngoja nikusimulie habari ya nyumba moja ya hapa, ya watu usiowajua. Mwaka 1942 Wajerumani walikuja na orodha: msichana mmoja kila nyumba. Nyumba hiyo ilikuwa na wawili. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na minane. Mdogo kumi na minne, ila mrefu kupita umri, na alikuwa amejificha nyuma ya jiko kubwa la matofali. Askari akauliza, wako wangapi humu? Mkubwa akasema niko mimi peke yangu, sina mdogo. Akapanda gari mwenyewe, bila kusukumwa, ili wasiingie ndani kutazama. Akakaa huko miaka mitatu. Alipata alichokipata, na hasemi.

Basi, unaona, mpwa wangu, wapo watu wenye ndugu na wapo wasio nao.

Shangazi yako mzee (ingawa nina miaka thelathini na saba),
Agafya


TELEGRAMU
Zaluzhye, 1 Mei 1961

TASYA HERI YA MEI MOSI. NIMEONA GAZETINI PICHA YA KIJANA ALIYERUKA ANGA ZA JUU NA NGUO ALIYOVAA. NIMEKUMBUKA PINI NA GUNDI. NIMEJUA. NIMELIA MBELE YA WATU POSTA. AMERUDI MZIMA NDANI YA MISHONO YAKO. NISAMEHE MANENO YANGU. DADA YAKO AGAFYA


Sanduku la Posta 214
10 Juni 1961
Kwa posta

Dada yangu Agafya,

Hamjambo nyote? Mvua mmepata? Viazi vimeota? Mimi mzima wa mwili.

Unaona nimekuitaje, na bahasha ina stempu. Ndiyo. Wasome.

Tarehe 3 Mei niliitwa Idara ya Kwanza, ile ya usalama, kwa Rodion Arkadyevich anayeshughulika na fomu zetu. Ni mtu mpole, ana ugonjwa wa tumbo, kila saa anakunywa maziwa ya moto. Telegramu yako ilikuwa mezani, chini ya glasi. "Taisiya Trofimovna," akasema, "huyu dada ni nani?" Nikasema shangazi yangu kazeeka, anachanganya maneno. Dada, alicheka! Akafungua kabati, akatoa faili nene kama tofali. Barua zetu zote zimo, zimenakiliwa kwa mashine, tangu ya kwanza. Na karatasi yako wewe: mwaka uliochukuliwa, kambi uliyokaa, kiwanda ulichofanyia kazi, siku uliyorudi, mtoto.

"Tulijua kabla wino wa fomu yako haujakauka," akasema.

Nikamuuliza mbona walinyamaza. Akanywa maziwa yake kwanza. "Umewahi kuomba likizo?" Sijawahi. "Umewahi kuomba uhamisho? Kulalamika? Kukosa pini?" Sijawahi. "Basi," akasema, "tungesema ili iwe nini?"

Miaka tisa, Agafya! Pelageya anaenda kwa mama yake kila mwaka wa pili. Mimi sijaenda kulitazama kaburi la mama yetu hata mara moja, nikiogopa kwamba nikiomba ruhusa watafunua fomu na kuisoma upya. Kumbe nilikuwa nashikilia mlango ambao hakuna aliyekuwa anausukuma. Nilitoka mle ndani, nikaenda kukaa stoo ya nyuzi.

Kuhusu uliyosema kwenye telegramu, sikubali wala sikatai. Siku ile tulisikia redioni kama watu wote. Pelageya alilia, kwenye daftari akaandikiwa kwamba ana mafua, isije ikaulizwa analilia nini. Mkuu wetu amevishwa nishani, ya nini hatukuambiwa, nasi tumetia sahihi kwamba hatukuiona.

Sasa la Rimma. Nilirudi kwa Rodion Arkadyevich siku ya pili, kwa kuwa nilikuwa sina tena cha kuogopa, nikamwambia: kama mnajua, mchukueni mpwa wangu shuleni. Alifikiri wiki mbili. Jibu lake ni hili. Fomu yangu haisahihishwi. Wakubwa wameitia sahihi, na ikisahihishwa wataulizwa waliokuwa wanajua wakanyamaza, na wa kwanza ni yeye. Kwa hiyo dada sina, na sitakuwa naye. Lakini nina shangazi, na shangazi anaweza kuwa amelea yatima. Rimma aje kama yatima. Ajaze fomu yake mwenyewe, aandike kwamba mama yake alifia Ujerumani. Hapo atapata nafasi, bweni, na akifika kumi na sita pasipoti. Miaka mitano ya kwanza hatoki. Barua ataandika kwa shangazi.

Kwa hiyo ukikubali, unakufa. Nimeliandika neno hilo nikalikata, nikaliandika tena. Sina lingine.

Ameniambia niandike nipendavyo, kwa sababu msomaji ni yeye.

Tasya


Zaluzhye
2 Julai 1961
Kwa posta

Shikamoo, Rodion Arkadyevich. Tumbo linaendeleaje? Jaribu maji ya kabichi iliyochachushwa, kikombe kimoja asubuhi kabla ya kula, achana na maziwa. Sasa mpe mdogo wangu barua yake.

Tasya,

Viazi vimeota. Fyokla keshagombana na mumewe, karudi kwake, halafu mume kamfuata huko huko, sasa wanakaa kwake. Paa la nyumba ya kuogea bado.

Nimekaa na barua yako siku nane. Siku ya kwanza nilikutukana, wewe na huyo mnywa maziwa, na mwenyekiti, na gazeti, na mimi mwenyewe na telegramu yangu. Midomo yangu hii! Wanawake wengine wanakunywa sikukuu, mimi napeleka telegramu. Siku ya pili nililia. Siku ya tatu nilikwenda kusafisha zizi la ndama, nikamwona Rimma amesimama mlangoni anashika lile beleshi kujaribu uzito wake. Basi, nikaamua.

Niueni. Kule kambini nilikuwa namba kwenye koti, nikaishi. Nitaweza.

Nimemwambia mtoto. Siku tatu alikuwa anasuka tu nywele na kuzifumua. Kisha akaniuliza, "Nitakuita nani?" Nikamwambia shangazi. Akasema, "Mbele ya watu, au hata tukiwa wawili?" Nikamwambia anza kuzoea. Akanitazama vile anavyonitazama, akatoka nje. Hajaniita chochote tangu hapo. Anasema "wewe."

Aliuliza pia kuhusu baba yake, aandike nini. Hilo, Tasya, hata kwenye faili la Rodion halimo, najua halimo, maana sijalitoa kinywani. Ndicho kitu pekee nilichonacho ambacho hakijanakiliwa kwa mashine. Aandike "hajulikani."

Barua yenu ya kukubaliwa imefika, hata kabla sijawajibu. Savely Potapovich kaigeuza mara nne akitafuta kosa, kisha kaandika cheti huku amefura kama chura. Rimma ataondoka tarehe 25 Agosti. Mpokee. Mguu wake wa kushoto hupata baridi haraka, msimamie avae soksi mbili.

Agafya
ambaye ni shangazi yako


Sanduku la Posta 214
6 Septemba 1961
Kwa posta

Dada,

Najua unasubiri, na najua siku ngapi. Rimma mzima, nianzie hapo. Alifika mwembamba, amebeba mkate wako na yale madaftari sita. Tulikaa kitandani kwangu tukila, akanieleza mlivyoketi wote wawili juu ya sanduku lake kabla ya safari, kama desturi yetu ilivyo, ukakaa muda mrefu mpaka akakwambia treni itaondoka. Nikamwambia mambo ya fomu tena, sentensi kwa sentensi. Aliitikia kwa kichwa kwamba anaelewa.

Kesho yake tukaenda Idara ya Kwanza. Akapewa kalamu, akajaza. Mwandiko wake mzuri, Agafya, ni kama wa baba. Rodion Arkadyevich akasoma, akaniita karibu. Palipoandikwa MAMA, alikuwa ameandika: "Agafya Trofimovna Zhilina, hai, Zaluzhye, mkamuaji."

Rodion hakukasirika. Ningependa ujue hilo. Akachana karatasi, akampa nyingine safi, akamwelekeza na kidole. Rimma akaandika yaleyale. Akampa ya tatu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimfinya bega, nilimfinya kwa nguvu, nisamehe, nadhani nilimwachia alama. Akaandika yaleyale, na safari hii akaweka na mwaka wako wa kuzaliwa.

"Binti," Rodion akamwambia, "unajua tarehe 20 mwezi huu ni siku gani?"

"Najua," akasema. "Ndiyo siku niliyozaliwa. Mama alikuwepo."

Fomu tatu, Agafya. Zote zina wino wake, na ya tatu imeingizwa kwenye daftari na msaidizi aliyekuwa anaandika pembeni. Rodion alisema hana la kufanya, na nilimwona anaumia, ingawa labda ni tumbo. Rimma anarudi kwa treni ya Alhamisi. Atasindikizwa mpaka nje ya uzio.

Na mimi, kwa kuwa sasa kuna karatasi inayosema nina dada, wamenitoa mezani. Muhuri wamechukua. Nitakuwa jikoni, kuosha vyombo. Niliuliza, basi niruhusuni nirudi kijijini kwetu. Wakasema kutoka siwezi, najua mishono mingi mno. Nikauliza mpaka lini. Wakasema watanijulisha.

Simkasirikii. Nimejaribu, nimeshindwa. Nilipokuwa na umri kama wake nilikaa nyuma ya jiko, nikanyamaza.

Tasya


Zaluzhye
24 Septemba 1961
Kwa posta

Mdogo wangu Tasya,

Kafika. Viazi tumevuna, vidogo lakini vingi. Fyokla anakusalimia, hakumbuki sura yako lakini anakusalimia.

Alitembea kutoka stesheni, kilomita kumi na nane, na hilo sanduku. Nilikuwa nabeba ndoo. Nilipomwona nikajua papo hapo, nikaweka ndoo chini, nikampiga kofi mbele ya wanawake wote wa zizini. Kofi la kweli. Nikampigia kelele: nimekufa kwa ajili yako, mjinga wewe, nani alikwambia unifufue? Hakujikinga. Akasema, "Mama, nina njaa." Mbele ya watu wote. Mama.

Tarehe 20 Savely Potapovich akaja mwenyewe na daftari. Akamwandika. Tangu juzi yuko kwenye ndama. Mikono imeshapasuka, nimempaka mafuta ya bata. Jioni anafanya hesabu kwenye yale madaftari, sijui za nini, hakuna anayemsahihishia.

Nawe uko kwenye sinki huko, kwa sababu yetu. Mikono ile iliyomrudisha yule kijana mzima inasugua sufuria. Andika kama wanakupa maji ya moto.

Nina jambo la kukuambia, na Rodion Arkadyevich asome tu, aliweke kwenye faili lake, aliandike kwa mashine. Mtoto wangu amefungiwa humu maisha yake yote. Nilikuwa na mlango mmoja, umefungwa, na hakuna mwingine. Natakiwa niwe nalia. Mchana nalia kweli. Lakini asubuhi naamka nasikia anapumua upande wa pili wa jiko, na ninafurahi, Tasya. Nafurahi mpaka nauma shuka asinisikie.

Dada yako,
Agafya